Kisogo cha Roland

Mdogo wangu Roland ameonekana kwenye televisheni ya Uingereza miaka na miaka, lakini ukimsimamisha mtu sokoni hapa Bacup, mji wetu mdogo wa kaskazini, ukamwuliza kama anamjua, atakutolea macho tu. Sasa mgeuze Roland, mwonyeshe huyo mtu kisogo, ndipo utasikia: "Aaa! Huyu! Si ndiye yule wa kwenye baa?" Ndiye huyo huyo. Jamani, mtu azaliwe na pua ya marehemu Baba na macho ya Mama, sura ya kupiga picha kabisa, halafu nchi nzima imjue kwa nyuma!

Waongozaji walikipenda kile kisogo. Kilikuwa kipana, nywele zimelala vizuri, shingo haina makunyanzi. Kwenye mchezo ule wa kila wiki walimkalisha kwenye stuli ya kaunta, mgongo wake kwetu, gilasi mkononi, na mbele yake waigizaji wakubwa wakigombana, wakioana, wakiachana. Kinyozi wake alikuwa hamgusi bila kwanza kuuliza kama kuna kazi wiki ile. Hayo si maneno ya kutia chumvi, kinyozi mwenyewe ni shemeji yangu.

Siku ambazo hakuwa kisogo, alikuwa maiti. Na hapa niacheni nijisifu, maana hakuna afaye kama Roland. Amezama mtoni, amenyongwa na binamu yake, amelishwa sumu kwenye supu ya uyoga na mke wa mchungaji. Daktari wa polisi anafunua shuka, anasema maneno yake marefu, na Roland pale chini hapepesi hata ukope. Mwongozaji mmoja alimwambia kwamba maiti mtulivu kama yeye hajapata kumwona kaskazini yote hii. Roland alikuja nyumbani kutuhadithia, kifua mbele.

"Na siku ukifa kweli," nikamwambia, "tutajuaje?"

Alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kitambaa changu cha meza. Ndiyo tabia yake, hanuni. Baba aliingia kaburini akiamini kwamba mwanawe analipwa kwa kulala, na hata hilo Roland alilicheka.

Ila jambo moja alikuwa hajawahi kulifanya: kusema. Hakuwahi kupewa hata sentensi moja. Katika kazi yao ile kuna wanaosema na wasiosema, na mbingu na ardhi ziko karibu zaidi kuliko watu hao. Wanaosema wana majina yao mwisho wa mchezo, wana viti, na wanapakuliwa kwanza. Wasiosema wanasimama nje kwenye manyunyu na sahani zao. Roland hakulalamika hata siku moja. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake, na nililifanya vizuri.

Sasa nikwambie habari ya Mama, maana bila yeye kisa hiki hakina maana.

Mama, Ada Haworth, alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha pamba tangu akiwa msichana. Mitambo ile ikiwashwa hujisikii hata ukipiga ukelele, ndiyo maana wafumaji wetu walikuwa na lugha yao ya midomo. Tunaiita mimo. Unafungua kinywa kweli kweli, unalivuta neno polepole, kila neno na umbo lake, na sauti hutoi. Wanawake walisengenyana kutoka pembe moja ya kiwanda hadi nyingine, wakamtukana msimamizi mbele ya macho yake naye akidhani wanatafuna peremende. Mitambo ikayala masikio ya Mama yakaisha kabisa, na sisi nyumbani tukahamia kwenye mimo. Mimi na Roland tuliweza kutukanana mezani chakula kizima bila sauti, Baba akisoma gazeti lake na kumshukuru Mungu kwa watoto wenye adabu.

Kila asubuhi Mama alipotoka kwenda kiwandani, bado giza, Roland alipanda kwenye dirisha la chumbani na nguo zake za kulalia, akabandika uso kwenye kioo. Mama akifika kwenye kona, chini ya taa, aligeuka. Roland alimwambia kwa mimo: "Rudi upesi." Na Mama alimjibu: "Nakuona." Hakumjibu jingine, iwe "nitarudi" au "haya mwanangu". Alisema nakuona, akakata kona. Na yule mtoto alikuwa habanduki dirishani mpaka aambiwe hivyo.

Kwa hiyo uone shida ya huyu mama. Kiziwi, mwanawe yuko kwenye televisheni, na kila akitokea amegeuka nyuma! Sauti ilikuwa haimhusu. Alichotaka ni mdomo. Alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa televisheni, akakipigia kelele kile kisogo kwa ile sauti yake asiyoisikia mwenyewe: "Geuka, Roly! Geuka kidogo tu, mwanangu!" Mtaa mzima ulijua Roland yuko hewani kwa kumsikia Mama.

Aliyemsikia zaidi ni Bi Florrie Clegg wa mlango wa pili. Walifuma pamoja tangu usichana, mitambo yao ilikuwa ubavu kwa ubavu, na walipendana kwa kuchokozana. Mwanawe Florrie anauza magari kule Burnley, na picha yake ilitoka gazetini, uso mbele.

"Ada," alisema Florrie kwa mimo, kila wakikutana kwenye foleni ya duka la nyama, "kisogo cha mwanao hakijambo?"

"Hakijambo, kinakusalimu. Kinasema afadhali kuwa kisogo kuliko kuwa na uso wa mwanao."

Watu wa foleni walikuwa wakiwaona vikongwe wawili wanabenua midomo tu, kisha wanaangua kicheko.

Halafu mwaka mmoja moyo wa Mama ukaanza kugoma. Alipanda ngazi akakaa katikati, akishuka anakaa tena. Daktari akasema lazima apasuliwe, na kwa umri wake hawezi kutoa ahadi. Kitanda kilikuwa tayari Jumatatu. Mama akakubali, ila alimwambia daktari kwa sauti iliyowaamsha wagonjwa wote kwamba ni Jumatatu jioni, tena wasithubutu kumwita kabla ya Jumapili kupita. Kwa sababu Jumapili ile Roland alikuwa na sentensi.

Alikuwa amekuja na basi kutoka Manchester kumpa Mama habari hiyo uso kwa uso. Akasimama mbele yake mkekani na koti lake limelowa, akasema kwa mimo: "Mama, nimepewa sentensi."

"Sema tena."

"Nimepewa sentensi."

"Mbele au nyuma?"

"Mbele, Mama. Uso mzima. Mimi ni mkata tiketi wa stesheni. Mwanamke anamkimbia mumewe, anakuja dirishani kwangu, namwambia: Treni ya Carlisle imeshaondoka, bibi."

Mama alimrudishia ile sentensi, neno kwa neno, akiionja. Kisha akavaa kofia akaenda kuwaambia watu wote wa Bacup, na waliokuwa hawamo majumbani aliwafuata sokoni.

Jumamosi nilikuwa namsaidia kukunja nguo za hospitali. Alinishika mkono. "Thelma," akasema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo, "nikishamwona anasema, wanipasue wanavyotaka." Nikatoka uani nikamgombeza paka.

Jumapili ikafika. Niliagiza pai za nyama na viazi, nikatoa kabichi nyekundu ya siki, nikaazima birika kubwa la kanisani. Majirani wakaingia na viti vyao. Florrie Clegg akaja na kofia yake ya ibada, akakaa ubavuni mwa Mama kama zamani kiwandani. Mama alikuwa kwenye gauni la bluu, mbele kabisa, anatabasamu na televisheni hata haijawashwa.

Roland akaingia kwa mlango wa nyuma. Nilipomwona tu nikajua kuna kisirani. Alikuwa mweupe kuliko alivyowahi kuwa kwenye meza ya maiti.

"Dada," akasema, "wamenikata."

"Wamekukata nini?"

"Sentensi. Wakala wangu kanipigia simu leo asubuhi. Mchezo ulizidi urefu, wakatafuta pa kupunguza."

"Ebo! Mchezo wa saa nzima, mwanamke analia mwanzo mpaka mwisho, wamekosa pa kupunguza ila kwako? Si wangepunguza machozi?"

"Thelma, wanasikia."

"Wasikie! Na wewe mwenyewe umo au humo?"

"Wakala hakujua. Lakini fikiri, nani atamwacha mkata tiketi asiyesema? Sentensi imeondoka, na mimi nimeondoka nayo."

Nilikuwa na kisu cha kukatia pai mkononi, na laiti yule mkata filamu angekuwa jikoni kwangu muda ule! Nikamwambia, "Nenda kamwambie Mama sasa hivi, kabla haijaanza."

"Siwezi."

"Basi nakwenda mimi."

"Dada, kesho wanampasua." Akaegemea sinki. "Umemwona alivyovaa? Siwezi kumwambia. Mwache akae hivyo hivyo kwa hiyo saa moja. Watu wakitoka nitampigia magoti."

Nikachungulia sebuleni. Florrie alikuwa anamwambia jambo kwa mimo na Mama amejishika mbavu kwa kucheka. Nikaweka kisu chini. Roland akakunja mikono ya shati, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa, na akakataa katakata kuingia sebuleni.

Mchezo ukaanza. Yule mwanamke akalia jikoni, akalia bustanini, akalia ndani ya gari. Kila mwanamume aliyetokea, Florrie aliuliza kwa kuchokoza, "Ndiye?" na Mama alitikisa kichwa kukataa. Mimi nilisimama mlangoni na sahani ya pai, nimekwisha mchukia yule mwanamke na mumewe na wote waliowahi kuvumbua televisheni.

Mara stesheni. Mvua kwenye jukwaa, mwanamke na sanduku lake, na fidla zikaanza, nyingi, kwa nguvu, mpaka vikombe vikalia kwenye visahani. Mwanamke akasogea kwenye dirisha la tiketi. Kamera ikachungulia begani kwake. Na pale, nyuma ya kioo, na kofia ya reli kichwani, alikuwa Roland. Uso mzima! Mdomo unakwenda, sauti hakuna, ni fidla tupu.

"Mbona hasikiki?" akauliza mmoja.

"Mashine imekufa hiyo, ipige ubavuni."

"Maskini Ada, baada ya yote hayo..."

"Kaeni chini!" niliwakemea, na pai ikaniponyoka. Maana nilikuwa nimeutazama ule mdomo. Haukuwa unasema habari za Carlisle. Ulikuwa wazi, mpana, unavuta maneno polepole, mdomo wa kiwandani kabisa.

Florrie Clegg naye ameshauona. Amejiinamisha mbele, na kama wafumaji wote wa zamani hawezi kusoma mdomo akanyamaza, lazima alitaje neno. Akaanza kwa sauti, mbele ya majirani wote, na kofia yake ya kanisani: "Mama... hiki kiti... kinaniumiza... matako."

Kisha sebule ikalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, mzee mmoja akapaliwa na kabichi. Lakini Florrie hakucheka, alikuwa bado anasoma, maana Roland bado alikuwa pale. Yule mwanamke aligeuka kuangalia kama mumewe anamfuata, na Roland nyuma ya kioo akainua macho, akatutazama sisi moja kwa moja.

"Rudi... upesi," akasoma Florrie, na sauti yake ikabadilika. "Ada, anasema rudi upesi. Urudi kutoka wapi?"

Mama hakumtazama. Alikuwa amekiinamia kioo cha televisheni, uso kwa uso na mwanawe, na yeye ambaye siku zote hupiga kelele alifungua mdomo bila kutoa hata pumzi. Nililiona neno lenyewe. Nililijua hata kabla hajalisema. Kisha ikaja treni, na Roland akawa hayupo.

"ROLY!" Sasa ndiyo ilikuwa sauti yake. "Roly, njoo hapa!"

Roland akatokea jikoni, povu mpaka viwikoni, taulo begani, uso wa mtu anayepelekwa kunyongwa.

"Mama, nisamehe, walinikata, nilitaka kukwambia..."

"Nimekuona!"

"Umeniona wapi?"

"Uso mzima! Wee mtoto huna haya! Matako, kwenye televisheni, Jumapili, na Florrie yuko hapa!"

Roland alinigeukia, na mimi nikamwitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli, ulikuwemo. Akakaa palepale mkekani mbele ya Mama, akaweka kichwa magotini pake, akalia kwa sauti. Hata yeye hakuwa amejua. Mama akawa anampapasa kile kisogo chake maarufu na kumwambia aache kulilowesha gauni.

Tulipompa chai ndipo akaeleza. Walikuwa wamepiga ile picha tena na tena, na sentensi yake aliisema vizuri kila mara. Mwishoni mwongozaji akataka moja ya ziada, ya picha tu, sauti haishikwi, wewe tembeza mdomo useme chochote. Stuli yenyewe ilikuwa ya mbao na amekaa tangu asubuhi. Mama alikuwa akilini mwake, na moyo wake, na hospitali. Maneno yakatoka yenyewe, na kwa kuwa ni ya Mama yalitoka kwa mimo. Pale studio nzima hakuna aliyefahamu. Na hiyo ndiyo waliyoichagua, kwa sababu, wakala alikuja kusema baadaye, uso wake kwenye picha ile ulikuwa na uchungu wa kweli. Uchungu! Na kiti je?

Florrie Clegg akasimama, akapangusa macho kwa glavu yake. "Roland, geuka."

Roland akageuka. Florrie akampiga kofi dogo la kisogoni.

"Ndiyo basi," akasema kwa huzuni. "Umeniharibia. Sasa nitamtania Ada kwa lipi?"

"Usijali, bado tuna uso wa mwanao," Mama akamjibu.

Jumatatu tulimpeleka. Walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakamvika kofia ya karatasi, wakampitisha kwenye milango miwili mikubwa yenye vioo vya mviringo, na sisi tukaambiwa mwisho wetu ni hapo. Roland akakimbilia kioo. Akabandika uso, mtu mzima na mvi zake, akafungua kinywa kwa nguvu zake zote.

Muuguzi aliyekuwa anasukuma kitanda akasimama, akamwinamia Mama. Tulimsikia kupitia upenyo wa mlango. "Yule bwana ana nini? Anaumwa jino?"

Hakuna mtu kwenye hospitali ile ambaye hakulisikia jibu la Mama.

"NI MWIGIZAJI WA TELEVISHENI! NI MWANANGU! MWACHE AFANYE KAZI YAKE!"

Kisha akageuza kichwa kwenye mto, akamtazama, akamjibu kwa midomo tu. Wakakata kona naye.

Nikamwambia Roland tukanywe chai chini. Akakataa. Nikamwambia tukae basi kwenye benchi, watu wanatushangaa. Akakataa hilo pia.

"Hakusema atarudi," akasema, macho bado kwenye kioo.

"Hajawahi kusema hivyo hata siku moja, Roly."

"Ndiyo," akasema. "Lakini alikuwa anarudi."

Akabaki pale, na mimi nikasimama naye, ingawa miguu yangu si ya kusimama. Watu walipita na vitanda vyao, wakatuzunguka.

Walipotuita, Mama alikuwa amelala na mirija puani, mdogo, rangi ya shuka. Koo lilikuwa limekauka, sauti haitoki, na kwa mara ya kwanza maishani mwake chumba chenye Mama ndani kilikuwa kimya. Akafumbua jicho moja. Akamwona Roland. Midomo ikaanza kwenda, polepole, na Roland akainama kuisoma, kisha akajifunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika, nikashtuka nikadhani mambo yameharibika.

"Anasema nini?" nikamvuta shati. "Roly! Kasema nini?"

Akaondoa mikono. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka.

"Anasema nikirudia tena nikaze midomo," akasema. "Kwenye 'upesi' nilimumunya."